Gimbi Lililokuja Kunitazama

Jana nililala na soksi tatu, mbili miguuni na moja kichwani, na katika hali hiyo ya aibu nikaota ndoto ambayo ningeiacha ipite zake kama si kitu nilichokiona jikoni asubuhi.

Nijitambulishe kwanza, ili anayetaka kunicheka ajue anamcheka nani. Naitwa Kombo, fundi cherehani, mzaliwa wa Muheza. Nilihamia Makete kwa hesabu niliyoiona ya akili sana: penye baridi watu huvaa nguo nyingi, na penye nguo nyingi fundi halali njaa. Nilisahau kwamba fundi naye ana mwili. Huku mwezi wa sita nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na ndoo ukiisahau nje unaikuta imejitengenezea kifuniko cha barafu. Mke wangu Mwantumu aliniuliza tangu mwaka wa kwanza tumefuata nini huku. Bado natafuta jibu.

Safari yake ya mwisho kwenda kusalimia kwao alirudi na gimbi la mbegu, alilong'oa nyuma ya bafu la mama yake. Kwetu gimbi hupandwa pale maji ya kuogea yanapotokea. Hapo ndipo linaponenepa. Nami bila kufikiri nikalipanda vilevile, kwenye tuta nyuma ya bafu letu la mabati, mdomoni kabisa mwa bomba. Likatoa majani mawili mapana, majirani wakaja kuyashika. Halafu sakitu ikaanguka, na asubuhi majani yale yalikuwa meusi, yamelegea kama mlenda.

Mwantumu aliyatazama kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Gimbi la mama likichipua tena, nabaki. Lisipochipua, mwezi wa nane ukiisha napanda basi narudi Muheza. Wewe utanifuata ukichoka kutetemeka."

Alisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwantumu akiwa na hasira huwa tunapatana kabla chakula hakijaiva.

Nilimkimbilia bwana shamba, Bwana Mahenge. Akaja, akachuchumaa, akasema gimbi halijafa, limelala. Akanipa masharti. Kiazi chake kikae chini mara tatu ya kimo chake. Kifunikwe kwa nyasi kavu, tena nyingi. Miguu yake isilowe mpaka jua lirudi, kwa sababu baridi peke yake hailiui, kinacholiua ni baridi na maji pamoja. Na zaidi ya yote, nisilichokonoe kutazama kama limechipua.

"Limelala, liache lilale," alisema.

Nikaitikia kwa adabu zote. Jumapili iliyofuata nikalichokonoa, na Jumapili iliyofuata hiyo pia, na zote zilizokuja baadaye. Ningefanyaje? Mke wangu alikuwa anaondoka, na jibu lilikuwa chini ya nyasi.

Sasa ndoto.

Nimelala palepale nilipolala kweli. Mlango unapigwa hodi. Gimbi linaingia.

Lilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili, la kahawia, lina ndevu za mizizi, na limejifunga kanga. Kanga ile niliijua. Ni ya harusi yetu, nyekundu, ina alama ya pasi kwenye pembe. Niliiunguza mwenyewe, mimi fundi, wiki ya kwanza ya ndoa.

"Kanga hiyo umeitoa wapi?" nikauliza.

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Lala," likasema. "Sikuja kwa mazungumzo. Nimekuja kukutazama."

Likanifunua blanketi upande wa miguu, likaingiza kidole, likanitekenya unyayo. Likasubiri kidogo.

"Hajachipua," likasema, likanifunika ovyo na kutoka. Goti moja lilibaki nje.

Nilipoanza tu kuzama usingizini, hodi. Likaingia, likanifunua, likanitekenya. "Bado." Likatoka. Hodi tena. Safari hii niliketi.

"Wewe gimbi, umefunzwa adabu wewe? Hivi huoni mtu amelala?"

"Hayo ndiyo ninayosema mimi kila Jumapili," likajibu. "Ila siku hizo sina mdomo."

Kwa bahati mbaya cherehani yangu, iliyokuwa kimya pale dirishani, ikaona ndio wakati wake.

"Na kuoga haogi," ikasema.

"Wewe inakuhusu nini?"

"Nakaa naye uso kwa uso kutwa nzima," cherehani ikaliambia gimbi, kana kwamba mimi sipo. "Mimi ni chuma, lakini pua ninayo."

Gimbi likavuta kigoda likaketi. "Hilo nami nilitaka kuliuliza. Mimi nakaa kwenye bomba la bafu. Kila jioni nasikia maji yanapigwa, pwaa, pwaa, na mtu anapiga mluzi. Mkewe huogea kwenye beseni, lakini maji ya huyu siyaoni. Nimekaa msimu mzima nikidhani bomba limeziba."

Ikabidi niseme. Huwa naingia bafuni na ndoo yangu, napiga maji kwa kata ili Mwantumu asikie, nalowesha nywele za mbele kwa ajili ya ushahidi, kisha ndoo nairudisha ilivyokuwa. Nilieleza kwa heshima kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya gimbi, ili miguu yake isilowe kama bwana shamba alivyoagiza.

Cherehani ilicheka mpaka sindano ikashuka.

"Ulianza kabla bwana shamba hajaja," likasema gimbi.

Ilikuwa kweli. Hata hivyo likakiri, kwa uchungu wa mtu anayelipishwa faini, kwamba uvivu wangu ndio uliolifanya lisioze. Kama ningekuwa mtu msafi lingekuwa limeshageuka uji zamani. Jambo hilo lilikuwa linaliudhi sana, kwa sababu halipendi kumshukuru mtu anayenuka.

"Kwa hiyo tumemalizana?" nikauliza.

"Kuchokonoa hakujamalizwa. Hilo kubwa, siliwezi peke yangu. Twende kwa mwenye mbegu."

Likafunua mkeka pembeni mwa kitanda. Chini yake kuna ngazi, tunashuka, na ngazi inaishia Muheza.

Jua likanipiga usoni nikataka kulia kwa raha. Kisha nikatazama nilipo. Nimesimama nyuma ya bafu la mama mkwe wangu, Bi Mgeni, nimevaa nguo za kulalia. Na ndani maji yanamwagika. Mwenyewe anaoga.

Mkwe mwanamume kukutwa nyuma ya bafu la mama mkwe ni jambo lisilo na maelezo, hata ndotoni. Niliyageuzia mabati mgongo. Nikaishusha soksi ya kichwani mpaka machoni, na kwa mara ya kwanza soksi ile ikawa na kazi ya heshima. Nilitaka kurudi kwenye ngazi lakini gimbi lilikuwa limeshika shati langu.

"Nani huyo nyuma ya bafu?" ikauliza sauti ya Bi Mgeni.

"Shikamoo, mama."

Maji yakakoma. Kuku mmoja akapita polepole, akanitazama, akaamua kutoingilia.

"Marahaba. Kombo?"

"Naam, mama."

"Huko Makete hakuna mabafu?"

"Yapo, mama."

"Yapo, hayatumiki," likasema gimbi.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mama. Anatetemeka kidogo tu."

"Na gimbi langu?"

"Ndilo hili hapa, mama. Limenishitaki."

Gimbi likatoa maelezo yake vizuri, kama karani. Kwamba linalala kihalali. Kwamba mshitakiwa haliachi lilale, kila Jumapili kidole. Kwamba likishaguswa huchukua siku nyingi kuupata usingizi tena, na bila usingizi haliwezi kuchipua hata lingetaka. Ndani ya bafu Bi Mgeni alikuwa anasugua kisigino kwa jiwe. Nilisikia akisugua na kufikiri kwa pamoja.

"Kombo, unaogopa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Makete wananiuliza suruali itakuwa tayari lini.

"Mwantumu ataondoka, mama," nikasema. "Likichipua anabaki, lisipochipua anaondoka. Na mimi bila yeye kule sitaweza. Hata huku sitaweza." Nikajikuta nalia, nyuma ya bafu la mama mkwe, na soksi machoni, na kuku anatazama.

"Alikwambia ataondoka?"

"Aliniambia, mama."

"Kwa mdomo," akasema Bi Mgeni, kama mtu anayetaja kiungo kisichotegemewa sana. "Mwanangu akishasema hawezi kurudi nyuma, hilo kalichukua kwa baba yake. Haya. Mtu anayetaka kujua aliyelala yukoje, alazwe. Mpandeni. Mara tatu ya kimo chake, kama bwana shamba alivyosema. Na wewe Kombo, huko chini usiongee, sikiliza."

Akajimwagia kata ya mwisho. Maji yakatoka bombani kwa nguvu, yakaninyanyua miguu, na nilipoipandisha soksi nilikuwa nimesimama Makete, kwenye tuta langu, katikati ya viazi mviringo.

Viazi vya huku si watu wa maneno mengi. Kimoja kilikuwa kimeshika tepu yangu ya kupimia, kikanipima kuanzia kisigino hadi utosini.

"Unaanzia kwenye moja," nikakiambia. "Tepu huanzia kwenye ncha yenye kibati, siyo kwenye moja. Utazidisha."

"Mteja hapimi," kikajibu.

Wakachimba. Nilisimama pembeni nikitoa ushauri kuhusu vipimo vya kaburi langu, maana mtu ukiwa fundi, ni fundi mpaka mwisho. Kisha wakaniteremsha, wakanifukia, wakatandika nyasi kavu juu. Nikasikia kimoja kikisema nyasi hazitoshi, na kingine kikisema kwa huyu zinatosha.

Huko chini palikuwa kama bweni. Viazi vimelala safu kwa safu, vyote vimevaa masweta ya shule. Niliyatambua masweta. Ni kazi yangu.

"Fundi," kikanong'ona kilichokuwa karibu, "mkono huu mmoja mfupi."

"Leta Jumamosi nitarekebisha."

"Jumamosi ipi?" vikauliza vyote kwa pamoja, na lile bweni zima likacheka kwa uchungu. Nikajifanya nimelala.

Pembeni yangu gimbi nalo lilikuwa limeshajilaza. Halikuwa na kanga tena.

"Sasa tunafanya nini?" nikauliza.

"Hatufanyi kitu. Ndiyo kazi yenyewe."

Basi nikawa sifanyi kitu. Ni kazi ngumu, nawaambia. Nilitaka kujua saa. Nilitaka kujua kama nimeshaanza kuchipua, nikataka hata kujitekenya mwenyewe nione. Juu yetu hewa ikaanza kukaza, na nikasikia hatua nyembamba zikija, za mtu anayekanyaga kwa ncha za vidole.

"Hodi," ikasema sauti ya upole. "Ni mimi Sakitu. Kuna yeyote ambaye hakufunikwa?"

Bweni zima kimya. Mimi nimelelewa Muheza. Hodi haiachwi bila jibu, hata anayebisha awe mdai wako. Nilishafungua mdomo kusema karibu, kiazi kikaniziba kwa mkono mfupi wa sweta.

"Huyu hakaribishwi," kikanong'ona. "Adabu zako zitatumaliza."

Sakitu akaanza kupapasa nyasi. Alikuwa anakuja upande wetu, na pale kichwani pangu nyasi zilikuwa chache, kama nilivyosikia. Baridi ikanishukia kwenye utosi. Nikajua nimekwisha, tena nimekwisha nikiwa sijaoga.

Ndipo nikasikia hatua nyingine. Hizi nilizijua. Ni makubazi, moja lina ukanda nilioushona mimi, unafanya kwi, kwi. Mwantumu anakuja. Anainama. Kitu kinatandazwa juu yetu, chepesi, na mara ile baridi ikasimama palepale ilipokuwa. Sakitu akasema samahani, akaondoka kwenda kwenye kabichi.

Sasa nikajua gimbi liliazimwa kanga na nani.

Mwantumu hakuondoka. Alichuchumaa, nikasikia magoti yake. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto asiyetaka kula:

"Wewe gimbi, usiniaibishe. Nilishasema nitaondoka, na sasa maneno siwezi kuyarudisha. Niende wapi mimi, nimwache nani na zile soksi zake? Chipua basi. Nipe sababu ya kubaki, nyingine yoyote isiyokuwa kusema mwenyewe."

Nilitaka kuitika. Mdomo ulijaa udongo.

"Kila siku husema hivyo akija kunifunika," likasema gimbi kando yangu. "Halafu hulia kidogo, akafuta pua kwa ile pembe yenye alama ya pasi. Alfajiri anaichukua kanga kabla hujaamka."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unachokonoa tu."

Nikataka kulia tena, lakini nilikumbuka kwamba miguu ya gimbi haitakiwi kulowa, nikajikaza. Na katika kule kujikaza nikahisi kitu kinanisukuma utosini, kidogo, kikiinyanyua soksi.

"Anachipua!" kikapiga kelele kiazi. "Fundi anachipua!"

"Kabla ya Jumamosi?" kikauliza kingine.

Nikaamka.

Soksi ilikuwa kichwani. Cherehani ilikuwa dirishani, inajifanya cherehani. Kulikuwa kumepambazuka, na upande wa Mwantumu kitandani palikuwa patupu. Kwa kawaida mimi asubuhi hutolewa kitandani kwa vitisho, lakini leo niliinuka mwenyewe, nikajizungushia blanketi, nikaenda jikoni.

Mwantumu alikuwa amechutama anapuliza moto. Aliponiona alishtuka kama nimefufuka.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

Juu ya moto, kwenye kamba, ilining'inia kanga nyekundu. Ilikuwa ngumu upande mmoja, kama kadibodi, na upande wa moto ilikuwa inayeyuka na kudondoka, tone, tone, kwenye majivu. Ina alama ya pasi kwenye pembe.

"Kanga imelowa nini?" nikauliza.

"Nimeifua."

Nikainua mkono, nikatoa kwenye pindo unyasi mmoja mkavu. Nyasi zile nilikwenda kuzikata mwenyewe, nikazitandika kwenye tuta kwa mkono wangu. Niliutazama unyasi. Mwantumu naye akautazama. Moto ukawaka vizuri bila msaada wa mtu.

"Moshi huu," akasema, akavuta pembe ya kanga, ile yenye alama ya pasi, akafuta pua.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote mazuri, na nilikuwa naanza kuyapanga. Kisha nikakumbuka. Yeye maneno yake hawezi kuyarudisha. Ningemwambia najua, ningemvua nguo mbele yangu mwenyewe. Na ningenyamaza, mwezi wa nane ungefika, naye angepanda basi kwa sababu tu alisema atapanda.

"Nilionana na Bwana Mahenge," nikasema, huku nikipasha mikono. "Ananiambia mahali penye sakitu gimbi huchelewa. Lisihukumiwe mpaka mvua za kwanza zinyeshe. Anasema mwezi wa nane hauhesabiki."

Mwantumu aligeuza kuni moja, akairudisha ilivyokuwa.

"Ulionana naye lini?"

"Jana."

Bwana Mahenge yuko Njombe kwenye semina tangu wiki iliyopita. Mkewe alikuja kwetu juzi kuchukua gauni, akatueleza semina yote, mpaka chakula wanachopewa. Alikuwa ameketi papo hapo alipochutama Mwantumu.

Mwantumu alinitazama. Alinitazama kuanzia soksi ya kichwani, akashuka polepole mpaka za miguuni, akapanda tena.

"Bwana shamba akishasema," akasema, "nani atabisha? Basi tutasubiri mvua."

"Tutasubiri," nikasema.

"Na vidole vyako vikae mbali na lile tuta."

"Vitakaa."

Akaipua sufuria, akajaza ndoo maji ya moto, akaichanganya na ya baridi, akajaribu kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Akanisogezea, pamoja na beseni kubwa na kipande cha sabuni.

"Na wewe leo uoge. Uogee humu kwenye beseni, maji ukamwage kwenye kabichi. Huo mluzi wako nimeuchoka."

Nikaibeba ndoo nikaenda. Nje mabati yalikuwa meupe kwa sakitu, nyasi nyeupe, kabichi nyeupe, isipokuwa kwenye tuta, sehemu moja yenye ukubwa wa kanga, ambayo ilikuwa kavu. Nilipita mbali nayo. Kisha nikaingia bafuni, nikavua soksi zote tatu, nikapiga kelele ambazo majirani watanieleza.